Mito ya Watoto Niliyoizuia

Vijana wangu wa forodha, wengi wenu mlipita kwenye mafunzo yangu ya kuainisha bidhaa, na wote mliopita mnaikumbuka ile habari ya mito ya watoto yenye picha za sungura. Niliisimulia kila mwaka. Mlicheka pale pa kucheka, mkaandika pale pa kuandika, na kwenye mtihani mkaijibu vizuri. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani Endasak, wilayani Hanang, nalima mahindi na maharage kwa mgongo unaolalamika, na inanipasa kusema kwamba habari ile niliwapa nusu. Naandika ili niwape iliyobaki. Lakini siwezi kuanzia katikati, kwa hiyo mnivumilie. Mstaafu ana muda mwingi na hapendi kukatizwa.

Nilipoajiriwa nilidhani forodha ni kazi ya kukamata magendo. Nilifika bandari kavu nikiwa na sweta la huku Hanang mwilini, kwenye joto la kule, na kichwani nina picha za kufukuzana na malori. Siku ya kwanza nikapelekwa ghala la ukaguzi, kwa Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa Pangani, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na pale ndiye aliyekuwa mkaguzi mkongwe kuliko wote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanipa buti la mvua. Moja tu, la kushoto.

"Hiki ni nini?"

"Ni buti la mvua, mzee."

"Nani kakuambia?"

Akaniuliza kama limeshonwa au limemiminwa kwenye kalibu. Akaniuliza kama maji yanapita pale soli inapokutana na mwili wa kiatu, na nimejuaje. Asubuhi yote niliimaliza na lile buti. Nililijaza maji, nikaligeuza, nikalikata, na mchana mkono wangu ulikuwa unanuka mpira. Nilirudi chumbani nikijiuliza kama nilisoma miaka yote ile nije kuchunguza kiatu cha mguu mmoja.

Kwa wale ambao hawajakaa kwenye kiti kile, niseme kwa kifupi. Kila kitu kinachoingia nchini kina namba yake kwenye kitabu kinene cha ushuru, na kitabu kimegawanywa katika sura. Ushuru unafuata namba, na namba inafuata kitu. Ukikosea kitu, umekosea vyote. Niliwahi kubishana na wenzangu siku mbili nzima juu ya mashine moja ndogo ya kichina, kama ni redio inayomulika au ni tochi inayoimba. Watu wazima, wenye watoto wanaosoma sekondari.

Mzee Athumani alikuwa na mfuko wa turubai wenye vifaa vyake: kisu kidogo cha kufumulia mishono, sumaku, lenzi, futi ya fundi cherehani na kiberiti. Kiberiti kilikuwa cha kuchoma nyuzi. Pamba ikiungua inanuka karatasi, sufu inanuka nywele, na uzi wa plastiki unajikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Alipostaafu aliniachia mfuko ule, na kwa miaka mingi niliona fahari kuufungua mbele ya mawakala wanaotolea watu mizigo. Aliniambia pia kwamba maandishi kwenye tamko, ile karatasi ya kutangaza kilicholetwa, ni maneno ya mtu anayetaka kitu kutoka kwangu, kwa hiyo nishike kitu chenyewe, halafu niulize kinafanya kazi gani na kinamfanyia nani. Kushika nilijifunza haraka sana. Hilo la kuuliza kinamfanyia nani nilikuwa nalitamka tu mbele yenu darasani.

Sasa mito.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa na neno la mwisho juu ya namba pale kituoni. Muda si mrefu kabla ya hapo, mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta sofa za sebuleni akiziita viti vya wagonjwa, kwa sababu vifaa vya wagonjwa na walemavu havina ushuru, na ilikuwa kidogo tu zinipite. Nilikuwa na hasira na neno lolote lenye mgonjwa ndani yake.

Ukaingia mzigo mdogo, maboksi kumi na mawili, msaada kutoka kwa marafiki wa nje kwenda kituo kimoja cha afya wilayani Mbulu. Nilipoona Mbulu nilifurahi kidogo, maana ni jirani zetu wa Hanang, na si kila siku mzigo unakwenda upande wa kwetu. Halafu nikajikaza. Niliogopa wenzangu wasije wakasema Mama huyu analegeza kwa ajili ya watu wa nyumbani. Mnajua jinsi ofisi inavyosema. Kwa hiyo mzigo wa Mbulu niliukagua kwa ukali ambao nisingeutumia kwa mzigo wa mahali pengine, na nikauita huo ukali uadilifu.

Wakala alikuwa ametumia namba ya vifaa vya walemavu, lakini kwenye maelezo kaandika: mito ya watoto. Nikafungua boksi moja. Ndani mlikuwa na sponji ngumu iliyokatwa kama kabari, ina kuta mbili za pembeni, mbele ina kinundu kinene cha kupita katikati ya mapaja, na mikanda miwili. Juu yake kitambaa laini chenye picha za sungura wanaoruka. Nilifumua mshono, nikachoma uzi, ukaacha punje nyeusi. Nikapima, nikaandika: kitambaa cha nyuzi za plastiki, kimejazwa sponji, mto, Sura ya Tisini na Nne, pamoja na magodoro na mito mingine. Namba ya wakala nikaikata kwa wino mwekundu.

Wakala akapinga kwa barua, na kwa utaratibu swali likapelekwa ofisi kuu kupata uamuzi. Mzigo ukabaki ghalani. Mto mmoja ukabaki ofisini kwangu kama sampuli, na hapa lazima niseme jambo ambalo darasani sikuwahi kulisema. Mgongo ulikuwa umeshaanza kunisumbua. Sampuli ile ilikuwa imekaa tu pale juu ya kabati. Nikaichukua nikaiweka kwenye kiti, nikaiegemea, na ikanifaa sana. Nikajiambia, unaona, ni mto huu.

Wiki ya tatu akaja muuguzi kutoka Mbulu. Jina lake Rehema, mwenyeji wa Tanga, serikali ilimpangia kule, na kazi yake ilikuwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Alikuwa amevaa koti zito la baridi ya Mbulu na jasho linamtiririka, kama mimi siku yangu ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Mama, nimekuja kwa ajili ya yale maboksi. Ile siyo mito ya kulalia."

"Tamko linasema mito ya watoto."

"Ni mimi niliyemwambia wakala. Alinipigia simu akauliza kuna nini ndani, nikasema mito. Akina mama kule ndivyo wanavyoiita, waliona mmoja niliokuwa nao zamani. Kwenye karatasi za waliotutumia kuna jina refu, hata kulitamka siwezi."

"Basi umesema mwenyewe," nilimwambia.

Nililisema hilo kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Naisikia mpaka leo.

Rehema alinitazama kidogo. "Mama, lafudhi yako ni ya kule kule. Wewe ni wa wapi?"

"Endasak."

"Basi beseni unalijua."

Nalijua. Huku kwetu mtoto anayejifunza kukaa unamweka kwenye beseni la plastiki, unamzungushia kanga na nguo kuukuu, naye anakaa humo kama mfalme mama yake akichambua maharage. Wadogo zangu wote nimewakalisha hivyo.

"Kuna mtoto Tumati," alisema, "anakwenda miaka mitatu, shingo haijamkaza. Mama yake anamkalisha kwenye beseni, anamjazia masweta, lakini anateleza, anakunjika. Kwa hiyo anamlisha amelala. Uji unaingia kwenye mapafu. Nimeshamlaza mara mbili kwa nimonia, na ya tatu naiogopa. Akikaa wima anameza vizuri kabisa, nimemjaribu mwenyewe kwa kumshika. Sasa siwezi kukaa Tumati kila siku nimemshika." Akavua koti, akalikunja, akalisimamisha kwenye kona ya meza yangu kunionyesha jinsi mgongo unavyotakiwa kukaa na jinsi kinundu kinavyozuia makalio yasiteleze. Alionyesha vizuri. Nilielewa pale pale, msije mkadhani sikuelewa.

Kisha akasema, "Naomba mmoja tu, mama. Hata huo hapo."

Alikuwa anatazama kiti changu. Nilijikuta nimesogea mbele, mgongo usiuguse.

Nilimjibu kwamba mzigo uko chini ya forodha na hakuna kitu kinachotoka kabla ya uamuzi. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Ninyi mnajua, na mimi nilijua kuliko ninyi, kwamba mzigo unaogombewa namba unaweza kuachiwa kwa dhamana huku uamuzi ukisubiriwa. Inaandikwa barua moja, kituo cha Rehema kinaahidi kulipa ushuru kama kikishindwa, mwenye mzigo anaondoka nao. Wakala hakulisema kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo na hakutaka usumbufu. Rehema hakuliuliza kwa sababu muuguzi atalijulia wapi? Mimi sikulisema kwa sababu hakuliuliza. Ilikuwa tabia yangu. Mtu aje na swali lake limekamilika, nami nitamjibu. Tuliita hiyo kutofungamana na upande wowote.

Akavaa koti lake, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Jina la mtoto sikuliuliza.

Uamuzi wa ofisi kuu ulikuja baada ya miezi miwili na zaidi. Walisema kilichoumbwa kwa ajili ya kumshika mwenye kilema katika mkao fulani, kwa mikanda na kinundu na kuta, hakigeuki kuwa mto kwa sababu kimevishwa sungura. Ni kifaa, Sura ya Tisini, hakina ushuru. Niliusoma, nikaona wana hoja, nikasaini mzigo utoke. Sampuli nikairudisha kwenye boksi na kushona tena mshono nilioufumua. Niliushona vizuri, nina mkono wa kushona.

Mwaka uliofuata nikaanza kuwafundisha. Hapo ndipo mnapoijua habari hii: sungura, punje nyeusi, mama mtaalamu aliyepatwa na aibu ofisi kuu ilipomrekebisha. Nilikuwa najicheka mwenyewe ili mjue kwamba hata mkubwa anakosea namba. Na kweli nilikosea namba. Namba ndiyo ilikuwa kosa langu dogo.

Nilistaafu, nikarudi Endasak. Msimu wa kwanza wa mavuno nilimsindikiza dada yangu kliniki ya macho huko Mbulu. Tumekaa kwenye benchi, akapita muuguzi mnene kidogo, nywele za mbele zimeanza mvi chini ya ushungi. Akasimama.

"Shikamoo mama. Wewe si wa forodha?"

Nikaitikia, ingawa nilitamani kusema si mimi. Tukatoka nje kwenye ukuta wenye jua, maana asubuhi za Mbulu zinauma, na kabla sijapata la kusema yeye akaanza kuniomba radhi.

"Nilikosea sana, mama. Ningekuwa na akili siku ile kwenye simu, nisingesema mito. Neno moja tu. Wewe ulifanya kazi yako kwa maandishi niliyoyaleta mwenyewe."

"Rehema."

"Yule mtoto wa Tumati alifariki. Ile nimonia ya tatu. Maboksi yalipofika alikuwa ameshazikwa. Mpaka leo neno lile silisemi. Nyumbani watoto wangu wananicheka, nikitaka mto wa kitandani nasema nipe kile cha kuwekea kichwa."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Alikuwa amenifungulia mlango na ameushika nipite, miaka yote hiyo akiwa amejibebesha lililokuwa langu. Nikamwambia habari ya dhamana. Nilimweleza barua ilivyokuwa ikiandikwa, ilikuwa mistari mingapi, na kwamba ningeweza kumwandikia mimi mwenyewe akiwa amesimama pale pale mezani.

Tulisikia dada yangu anaitwa ndani.

"Kwa hiyo ningeondoka nao siku ile," alisema.

"Siku ile, au kesho yake asubuhi."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Hakunitukana. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya ushungi, akasema ana wagonjwa. Alifika mlangoni, akarudi. "Mama yake bado yupo Tumati. Anadhani ni meli iliyochelewa. Ndivyo nilivyomwambia, niliona aibu kusema ni mimi. Kama unataka kumwambia, Jumamosi sina zamu."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilijitafutia sababu nyingi za kutokwenda, na zote zilikuwa nzuri: ya nini kumtonesha mama wa watu kidonda, nitamsaidia nini, mimi nani sasa. Nilizichunguza moja moja kama nilivyofundishwa, nikaona zote zinamfanyia kazi mtu mmoja, naye ni mimi. Jumamosi nikapanda gari hadi Dongobesh, Rehema akanikuta hapo, tukachukua pikipiki mbili kwenda Tumati.

Mama Paskali tulimkuta anapura maharage uani. Bado wanamwita hivyo, kwa jina la huyo mtoto, kwa kuwa ndiye alikuwa wa kwanza. Ana wengine wawili sasa, wazima, walikuwa wamekwenda na baba yao kuchunga. Aliacha kazi, akajikung'uta makapi, akaniamkia shikamoo huku amepiga goti kidogo. Nikaitikia. Kupokea shikamoo ya mtu uliyemkosea, naye hajui, ni kitu kizito, na sikuona njia ya kuikataa. Akatuletea vigoda na chai ya maziwa.

Nilimwambia yote kwa mpangilio. Sikusema meli. Nilisema mimi. Nilimwambia nilifungua boksi, nikaushika mto, nikaufumua mshono, nikakataa, na muuguzi huyu aliniomba mmoja tu nikamnyima, na njia ilikuwepo nikaificha. Nilimwambia na habari ya mto kwenye kiti changu. Rehema alishtuka hapo, alikuwa ameuona lakini hakuwa amejua kwamba niliuegemea siku zote zile. Kiswahili cha Mama Paskali ni cha taratibu kama cha kwetu wote huku, na alinisikiliza akitazama mdomo wangu, kama mtu anayehakikisha kila neno.

Nilipomaliza aliuliza, "Ulikuwa unaumwa mgongo?"

"Ndiyo."

"Na ulikusaidia?"

"Ulinisaidia."

Akatikisa kichwa polepole. Chai yake ilikuwa imeweka utando juu. Nilimwambia naomba msamaha. Alisema hilo atalipeleka kwanza kwa baba yake Paskali, hawezi kulijibu peke yake, na mimi nikaona ni haki. Mpaka ninapoandika hivi jibu halijaja, na sijalidai.

Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Kwenye karatasi zenu mliandika nini?"

Nikamtajia: jina la wakala, jina la muuguzi, jina la kituo cha afya, maboksi kumi na mawili, kitambaa, sponji, namba niliyoandika mimi na namba waliyoandika ofisi kuu, na sahihi yangu.

"Na Paskali?"

"Hayumo."

"Kwa nini hayumo? Si ndiye mwenye mzigo?"

Miaka yangu yote nimejadili mwenye mzigo ni nani, kwa vifungu, mbele ya mawakala wajanja na wanasheria wao. Hakuna aliyenishinda kama yeye. Nikamwambia hayumo kwa sababu sikuuliza jina lake.

"Wewe ni mtu wa kuandika," alisema. "Mwandike."

Akaniambia vya kuandika, na Rehema akanisaidia kuhesabu miezi na wiki. Faili lile lilishafungwa na mimi sina tena ruhusa ya kuligusa, kwa hiyo naandika hapa, kwenu, ninyi ambao mtafungua maboksi mengine Jumatatu.

Mwenye mzigo aliitwa Paskali. Alizaliwa Tumati, mtoto wa kwanza kwa mama yake, akaishi miaka mitatu kasoro miezi miwili. Alipenda uji wa ulezi na alicheka kwa sauti akisikia mbuzi wanarudi. Alifariki kwa nimonia wiki ya sita tangu nifungue boksi la kwanza. Kifaa chake kilikuwa kimeshafika nchini, kizima, na mimi ndiye niliyekuwa nacho.